Kesho Nitazima Gari

Mwanangu Sesilia,

Watu waliosoma wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali. Mimi sikuulizi, maana uko chumba cha pili na nakusikia unavyokoroma kama trekta la mashamba ya miwa. Hali yako naijua. Yangu ni hii: nimekaa mezani, kibatari kinanitoa machozi, na kalamu nimeiiba kwenye begi lako. Ukiikuta imepungua wino usimlaumu mama yako.

Barua nitaichomeka katikati ya zile khanga alizokukunjia. Utaiona treni ikishapita Mlimba, utakapotafuta cha kujifunika. Nataka uisome huko mbali. Ukiisoma stesheni utalia, nami nitaambukizwa, na mimi ni dereva, nina jina langu mji huu.

Mambo ya chandarua, sabuni, kuandika nyumbani, na kujihadhari na wavulana wenye redio, mama yako ameyamaliza. Mimi mwenyewe nilikuwa mvulana mwenye redio, kwa hiyo sina la kuongeza. Nilikupata nikiwa na ndevu tatu. Hata leo tukipita sokoni wapo wanaouliza kama wewe ni dada yangu, na sijawahi kuwasahihisha haraka.

Nakuandikia kuhusu gari.

Ijumaa tulipokuwa tunakula uliniuliza, "Baba, Jumatatu stesheni utazima gari, au utaniaga dirishani kama siku zote?" Mama yako alicheka mpaka tonge likamkwama. Nikasema nitazima. Ukajibu, "Sawa, Baba," kwa sauti ile ya kumjibu mtoto anayesema ataenda kukamata mamba.

Sikulala vizuri siku hiyo. Nilihesabu watu wote niliowaaga dirishani huku injini inaunguruma. Bibi yako alipohamia kwa shangazi yako. Mjomba wako alipoenda kutafuta kazi. Wewe, kila ulipofungua shule. Mtu anashuka na mzigo wake, mimi natoa mkono, "Haya, salama," naondoa gari. Dereva bora kati ya Mkula na Kivukoni, asiyejua kusimama.

Ngoja nikukumbushe hili la kutozima lilivyoanza, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau, na kusahau huko ndiko kulikotutesa.

Ulikuwa darasa la tatu, unajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Pikapu nilikuwa nimelinunua likiwa tayari ni zee, rangi yake kama mkate uliolala, lakini lilikuwa linawaka. Lilikuwa bovu kwa mambo yote isipokuwa hilo. Nikasema mwanangu hatapelekwa kanisani na mkate uliolala. Nikatafuta rangi ya bluu, ile ya vazi la Bikira Maria. Nikafungua kila kilichofunguka. Betri nikaitoa, nyaya nikazitoa. Nikapaka bodi, nikapaka rimu, kisha nikaingia uvunguni nikapaka chesisi kuanzia mbele mpaka nyuma.

Jirani yetu Baba Kasiani akainama akanichungulia. "Huko chini nani ataona?"

"Kuku," nikamwambia.

Rangi ilipokauka nikarudisha kila kitu mahali pake na kukaza kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa na nguvu siku hizo. Usicheke.

Misa ilipoisha mlipanda nyuma, wewe na wenzako wote, nguo nyeupe tupu, mkafanana na kundi la yangeyange. Watu wamejipanga barabarani wanashangilia. Nikavaa miwani yangu, nikazungusha ufunguo. Tak. Nikazungusha tena. Tak, halafu kimya. Katekista akavua koti, akasema, "Tusaidiane, jamani," na wazazi wenzangu wakaanza kusukuma, na suti zao na viatu vya kuazima, kuzunguka uwanja mzima wa kanisa. Na wewe umesimama nyuma unapunga mkono kama waziri. Ulidhani ndivyo ilivyopangwa. Uliniambia jioni ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote.

Kwangu haikuwa nzuri. Siku ile nilijiapia kwamba sitasukumwa tena mbele za watu. Nimevunja viapo vingi maishani, hata cha kuacha sigara nimekiapa mara kadhaa, lakini hicho nilikishika.

Umekulia ndani ya kiapo hicho. Unajua tulivyoishi. Asubuhi gari linaitika mara moja, mchana linasema tak, ukikaa kivulini kidogo linawaka kama si lenyewe lililokutukana. Kwa hiyo sikuzima. Nikienda dukani, linaunguruma nje. Nikienda msibani, linaunguruma, natoa pole dirishani. Na kwa kuwa Ifakara yetu ni tambarare kama meza, hakuna hata kilima cha kuliachia breki likateremka na kuwaka lenyewe, nikajijengea mlima uani: udongo, matofali yaliyovunjika na pumba za mpunga kutoka mashineni. Kila jioni nalipandisha huko, kila asubuhi linateremka na kuwaka. Watu walikuja kuuona. Nilijisifu sana kwa mlima ule. Nilisema wenzetu wa Mahenge wamepewa milima bure, mimi nimeunda wangu.

Mahali pamoja tu nilikuwa sina ujanja, kwenye pantoni kule Kivukoni.

Unaikumbuka siku ile? Tulikuwa tunavuka na mpunga, umekaa mbele, miguu haijafika sakafuni. Mtu wa pantoni akaja na fimbo yake.

"Wee bluu, zima injini."

"Inapumua kidogo tu, kaka."

"Ikapumulie ng'ambo. Zima, au rudi nyuma."

Nikazima. Mto wote ule sikuuona. Tulipogusa ng'ambo, tak. Nyuma yetu lori, nyuma ya lori watu na baiskeli zao, wote wanataka kutoka. Mama mmoja mwenye tenga la samaki akasema kwa sauti, "Nililijua hili gari lina mkosi tangu nilipoliona. Rangi gani hii?"

"Ni ya Bikira Maria hiyo, mama."

"Basi mwite aje asukume."

Watu wakacheka, pantoni nzima. Nikavuta kofia mpaka kwenye pua. Nikakaa pale nimeshika usukani kama unaweza kunificha. Halafu nikasikia mlango wa upande wako unafunguka. Ulishuka, ukazunguka nyuma, ukaweka viganja vyako kwenye bodi ukaanza kusukuma peke yako. Gari zima lina magunia. Nilikuona kwenye kioo, kitambaa chako cha kichwa tu, kinapanda na kushuka. Mama wa samaki ndiye wa kwanza kutua tenga lake. Wakafuata wengine.

Sikukushukuru siku ile. Nilikuambia usishuke tena bila ruhusa.

Baada ya hapo niliyaamini mambo mengi. Niliamini halipendi samaki. Niliamini kuna kanda moja ya muziki ikipigwa halitawaka, nikamgawia Baba Kasiani kanda nzuri kabisa. Kuna msimu nilikuwa nazima kwa mkono wa kushoto. Ungeniona nikitabasamu na wenzangu kijiweni usingedhani ni mtu mwenye imani hizo.

Na nililipeleka kwa mafundi, siyo kwamba nilikaa tu. Lakini gari hili linawajua mafundi. Likifika gereji linawaka kila ufunguo ukiguswa, linacheka nao kama binti aliyeonyeshwa wakwe. "Baba, gari hili ni zima," wananiambia. Nikabadilisha betri. Nikabadilisha stata. Kila nilichobadilisha, gari linatulia majuma mawili, na mimi natangaza mtaa mzima kwamba nimeumaliza ugonjwa. Nilitangaza ushindi mara nyingi kuliko timu yoyote hapa. Halafu siku moja mchana, tak.

Sasa nikwambie nilivyoiona Jumamosi, maana wewe uliiona ukiwa umesimama na mimi niliiona nikiwa chini.

Nilikuwa nimelala uvunguni na spana, sina hakika natafuta nini, nimebaki na siku mbili na ahadi moja. Uliniletea chai ukachuchumaa. Mwaka mzima umesaidia pale zahanati kwa masista, umerudi na tabia ya kuuliza watu maswali ukiwa umeinamisha kichwa upande.

"Baba, lilianza lini?"

"Zamani."

"Zamani ni siku gani? Sista hakubali tuandike zamani."

"Siku ya Komunyo yako."

"Kabla ya hapo halijawahi kugoma?"

"Hata mara moja."

"Na wiki ile ulilifanya nini?"

"Sikulifanya chochote mimi, nililipaka tu ra..."

Sikumalizia. Chai yangu ilipoa pale pale. Miaka yote hiyo, mafundi wote hao, hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza. Nilikuwa nauliza lina nini. Sikuuliza lilianza lini.

Nikataka kutambaa moja kwa moja nikakwangue rangi. Wewe ukanishika mguu, mtoto huna adabu, ukasema, "Hapana. Ukikwangua sasa hivi likawaka, tutajuaje kama umeliponya? Litawaka tu, ni asubuhi. Tulikamate kwanza likiwa linaumwa."

Tukaenda nalo Michenga na kurudi, jua la utosi, mashimo yote tukiyaingia kwa makusudi. Tukasimama uani, pale tambarare, mbali na mlima. Nikazima. Nikapiga, likawaka. Nikazima, nikapiga, likawaka. "Limekuona," nikakwambia. Tukaenda tena. Tuliporudi mara ya pili nikazima, nikazungusha ufunguo, tak. Kimya. Sesilia, sijawahi kuifurahia tak kama ile. Mama yako alitoka jikoni akatukuta tunapongezana kwa gari kugoma, akarudi ndani.

Ukasimama mbele ya taa. "Washa taa, halafu piga." Nikapiga. "Zinakufa, Baba. Ukiachia zinarudi." Hapo hata mimi nilielewa: stata haikuwa na kosa, betri haikuwa na kosa, umeme ulikuwa unapotelea njiani. Nikachukua ule waya mnene wa kuazimia moto kwa gari lingine, ncha moja kwenye hasi ya betri, ncha ya pili moja kwa moja kwenye mwili wa injini. Likaitika. Tukautoa, tak. Tukaurudisha, likaitika. Uliniambia, "Toa. Weka. Toa. Weka," mpaka nikakukumbusha kwamba gari ni langu.

Ndipo tukaufuata waya wa hasi mpaka unapoishia, kwenye bolti ya chesisi. Nikaifungua. Chini ya kichwa cha waya kulikuwa na bluu. Bluu mpya, inang'aa, haijawahi kuona jua tangu siku niliyoipaka, na pembeni mwa tundu la bolti alama ndogo ya kuungua, kama punje ya choroko. Miaka yote hiyo umeme wa gari zima ulikuwa unapenya pale, kwenye nyuzi za bolti, ukijisikia unapita, ukichoka haupiti. Rangi haipitishi umeme. Hilo wanafundishwa darasa la saba. Mimi niliishia la sita.

Ulicheka mpaka ukalala chini na nguo ya kutokea. Mimi sikucheka kwanza. Nikasema, "Kumbe ni mimi."

Ukajifuta vumbi. "Ni wewe, Baba. Lakini ulikuwa unanipambia mimi."

Nikaanza kukwangua, kisu kwanza, msasa baadaye, mpaka chuma kikawa cheupe kama jino. Nilikaa huko chini muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Ulidhani nakaza bolti.

Usiku huu nimekuwa nikiifikiria siku ya kumaliza darasa lako la saba. Wazazi wameitwa, viti vimepangwa uani shuleni. Mimi nilikuwa nje ya uzio, gari linaunguruma. Ulipoitwa kwa zawadi ya hesabu nilipiga honi. Mwalimu mkuu alikasirika, wewe ulitabasamu ukaangalia chini. Nilipokuchukua uliniuliza kwa nini sikuingia, nikakujibu, "Unajua gari halizimiki." Ukasema, "Najua." Ulilisema kwa upole kiasi kwamba niliamini kweli lilikuwa jibu.

Sasa nimeuona ule waya kwa macho yangu, nimeushika, nimeuona ukubwa wake. Ulikuwa unaweza kuzuia gari lisiwake. Kunizuia mimi nisishuke, hapana, haukuwa na uwezo huo. Ningezima, ningeingia, ningekaa kwenye kiti, ningepiga makofi kama wenzangu, na baada ya hapo likigoma ningesukumwa. Basi. Watu wangecheka mpaka kona ya kwanza, wangerudi nyumbani kula. Watu walikuwepo siku zote. Yule mama wa Kivukoni aliyenitukana ndiye aliyetangulia kutua mzigo. Wewe ulilijua hilo miguu haijafika sakafuni. Mimi nimelijua leo, nikiwa na mtoto anayeondoka.

Sikuandikii ili uwe hivi au vile. Umeshakuwa. Huko unakoenda kusomea utabibu utakutana na mgonjwa anayefika homa imeshuka, wenzako watamwambia ni mzima, arudi nyumbani. Wewe muulize ilianza lini. Haya, nakufundisha ulichonifundisha mwenyewe. Ndiyo kazi ya ubaba hiyo, nimeiona kwa wengi.

Leo baada ya misa ulikuwa umeenda kuaga wenzako, kwa hiyo hukuona. Nilichukua jembe nikausawazisha mlima. Baba Kasiani akaja na kigoda chake akakaa kutazama.

"Unabomoa? Na kesho likigoma?"

"Utanisukuma."

"Mimi mgongo wangu unaujua."

"Basi utacheka. Kucheka mgongo hauhusiki."

Akafikiri. "Nitamleta Kasiani asukume, mimi nicheke." Kisha akaenda ndani kwake akarudi na ile kanda, amefuta vumbi. Akasema kama ni rangi, basi kanda haikuwa na hatia, nichukue. Jirani mwema, japo ameikwaruza.

Mama yako ameshatia mbegu za maboga pale mlima ulipokuwa. Hakusubiri hata udongo utulie. Kwa hiyo sina pa kurudi. Gari limelala tambarare usiku huu, mara ya kwanza tangu ulipovaa lile gauni jeupe. Nimelipiga stata jana na leo mpaka majirani wakaomba amani, na limeitika kila mara. Lakini ugonjwa wa kuja na kuondoka ndivyo ulivyo, ukipona hujui kama umepona au umepumzika. Sitangazi ushindi safari hii. Wewe unayesoma, treni imeshapita Mlimba, unajua kilichotokea. Mimi ninayeandika sijui. Ni mara ya kwanza umenitangulia waziwazi, na nimeona si vibaya.

Ninachojua ni nitakachofanya. Tutafika mapema. Nitazima kabla hujafungua mlango, uisikie injini inavyonyamaza. Nitashuka. Nitabeba sanduku mimi, siyo kijana yeyote wa stesheni. Nitasimama na wewe mpaka treni ije, hata ichelewe mpaka mchana, na unajua inavyochelewa. Tutakaa, tutanunua karanga, utaniambia mambo ambayo hukuwahi kumaliza kuniambia kwa sababu nilikuwa naondoa gari. Na ikifika saa yenyewe, wewe ndiye utakayekuwa juu dirishani na mimi chini, nimesimama, natoa mkono. Naona itabidi nijifunze kuaga upande huo. Ni upande wako wa siku zote.

Ufunguo nitakupa wewe uushike tukiwa pale, ili nisiwe na la kuchezea mkononi, na ili usiwe na shaka.

Sasa tia mkono kwenye mfuko wa koti lako. Kama hakuna kitu, ulinirudishia, na nimesharudi nyumbani, kwa injini au kwa mikono ya watu. Kama ufunguo upo, basi tulisahau wote wawili. Usihangaike, utume na treni ya kurudi. Mimi bado niko stesheni, nimekaa juu ya boneti ya bluu, gari limezima, na sina haraka.

Baba yako, dereva, aliyeshuka.